Matema Hakuna Pa Kujificha

Ihanda, Mbozi
8 Januari 1978

Kwako Ferista, mke wa mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, shikamoo yako utaituma utakapopata nafasi.

Mimi mzima. Goti la kulia linauma tangu Krismasi, na la kushoto limeanza kuuma kwa wivu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yananifika kiunoni. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Jirani yangu Barnaba, mzee wa kanisa, amewekewa meno ya bandia kule Mbeya, na sasa kila akisema "Bwana asifiwe" mbwa wangu anasimamisha masikio akidhani anapigiwa mluzi.

Usishtuke ukaidondosha barua kwenye mchuzi. Ndiyo, ni mimi, baba wa mume wako. Najua sisi Wandali mkwe wa kike na baba wa mume hawaonani, hawasemezani, wala hawapishani njiani. Mimi nimelifikiria sana jambo hili. Mila inakataza macho na mdomo. Kalamu haikutajwa, maana wazee waliotunga mila hawakujua kuandika. Mimi najua. Nilisoma madarasa mawili mazima pale Mbozi Mission kabla sijafukuzwa kwa kucheka kwenye sala. Barnaba anasema kumwandikia mkwe ni sawa na kumchungulia bafuni. Nimemwambia basi na afumbe macho, barua haikuandikwa kwake.

Haya, neno lenyewe. Lwitiko ameniandikia kwamba mwezi wa sita ana likizo ya siku ishirini na nane, na kwamba mtawapeleka watoto Tanga kwenye bahari wiki moja, kisha Lushoto milimani wiki nyingine, "kwa ajili ya hewa safi na mandhari". Mwandiko ni wa mwanangu, maneno si yake. Mwanangu nimemlea mimi. Hajui mandhari ni mnyama gani. Hayo ni maneno ya mtu anayeshika chaki.

Sasa nakuuliza wewe, maana yeye ni mdomo tu na wewe ndiye ulimi. Hewa ya Ihanda imeoza? Miaka saba hamjakanyaga hapa, tangu tulipomzika mama yake Lwitiko. Kiwanda kinamlipia nauli mpaka kwao, mnaiacha. Nina wajukuu wawili: Ruti, mwenye jina la marehemu mke wangu, ana miaka mitano; Raphaeli ana mitatu. Sijawaona hata ukucha. Nina miaka sitini na tisa. Ukiniwekea likizo nyingine ya miaka saba, utaniletea hao watoto waje kuangalia jiwe.

Nataka waje hapa Juni. Sitaki kingine.

Ni mimi, mwenye jina usiloruhusiwa kulitamka,
Andongwisye

*

Temeke, Dar es Salaam
2 Februari 1978

Baba,

Shikamoo.

Hapa hatujambo. Lwitiko anaingia zamu ya asubuhi mwezi huu. Raphaeli aliugua surua, amepona. Ruti ameanza chekechea na anapenda kuimba. Sukari hatujaiona wiki ya pili, lakini tumeshazoea. Huko poleni na goti.

Barua yako niliipata. Mwanzoni nilidhani ni mtu ananichezea, kwa sababu sijasikia kwetu wala kwenu baba mkwe akimwandikia mke wa mwanawe. Nakujibu kwa sababu nisipokujibu utaandika tena. Bahasha nimeiandika "Baba yake Lwitiko". Jina lako sijaliandika na sitaliandika. Kama mmoja wetu ataivunja mila, si mimi nitakayeanza.

Mpango wa likizo ni huu. Tarehe 12 Juni tunapanda basi kwenda Tanga. Tutakaa siku saba, watoto wajifunze kuogelea. Kisha tutapanda Lushoto kwa dada yangu Loisi, anayefundisha huko. Tutarudi tarehe 30. Nafasi za basi nimeshazisemea. Haubadiliki.

Kuhusu Ihanda, usiniulize sababu. Muulize mwanao.

Mandhari ni neno la Kiswahili, Baba. Lipo katika vitabu vya darasa la tano. Nasikitika kwamba uliishia la pili.

Mkweo,
Ferista

*

Ihanda
19 Februari 1978

Mke wa mwanangu,

Marahaba, na asante kwa tusi. Limeandikwa vizuri, nukta zote mahali pake. Nimelisoma mara tatu.

Hapa tumepiga palizi ya pili. Ndama nimempa jina Chaki. Barua yako imeleta shida kanisani. Unajua barua hapa zinaitwa majina baada ya ibada, na mwitaji ni Osea, ambaye sauti yake inasikika mpaka Vwawa. Akapaza: "Baba yake Lwitiko! Mwandiko wa kike!" Akina mama wote wakageuka. Barnaba akakunja uso kama aliyekanyaga mbigili. Nimekuwa maarufu.

Lwitiko nimemuuliza kama ulivyoagiza. Amenijibu mistari minne: mzima, kazi nyingi, pole na goti, muulize Ferista. Mnanirushiana kama mpira wa matambara.

Haya, tufanye kwamba Ihanda hakuna mandhari. Unataka maji na unataka mlima? Kwa nini uende kuvitafuta mahali viwili, kama mtu anayenunua kikombe Tanga na kisahani Lushoto? Nenda Matema. Huko nimefika mwenyewe. Mwaka 1936 niliwabebea mizigo wamisionari kutoka Mbozi mpaka ziwani, siku tisa kwa miguu. Milima ya Ukinga inashuka hadi kwenye maji na kuinamisha kichwa kama ng'ombe anayekunywa. Mchanga mweupe. Wanawake wa Kikisi wanapitisha vyungu kwa mitumbwi. Samaki wa mbasa ukimla leo, kesho unanusa vidole na kushiba tena. Na maji yake yananyweka! Hayo ya Tanga nasikia yana chumvi. Maji ya kuoga ukitoka unawashwa, ndiyo likizo hiyo?

Mje hapa kwanza, wiki moja tu, kisha nawapeleka Matema mimi mwenyewe.

Au sababu unayoificha ni kwamba unaogopa kunikimbia tena? Maana nakumbuka. Siku ya pili ya matanga ya mke wangu, nilikuwa nasimama nyuma ya kihenge, nakusikia unakuja na ndoo yako kichwani, mimi nakohoa, khm! Nawe chwaa! ndani ya shamba la kahawa. Nazunguka upande wa pili, nangoja, nakohoa tena. Chwaa! Mara ya tatu ulitoweka kabisa, nikaona nyayo mbili juu ya majani, kisha hata hizo sikuziona. Nilicheka mpaka nikashika mti. Katika msiba mzima ule, hicho ndicho kitu pekee nilichokicheka. Mwanamke mwenye mbio kama zako anapoteza wakati darasani, angekuwa anaikimbilia timu ya Taifa.

Njoo. Nakuahidi nitakohoa kwa adabu.

Andongwisye

*

Ihanda
2 Aprili 1978

Ferista,

Marahaba, ya bure, maana hujaamkia.

Jumapili sita Osea ameita majina na langu halimo. Jumapili ya nne nilimwambia ageuze mfuko wa barua ndani nje mbele ya watu. Barnaba akasema, "Mzee, mwanamke amepata akili." Nimekosana naye, hatusalimiani.

Goti vilevile. Mahindi yamebeba. Mengine sina.

Nimeandika barua ya utani, umeninunia kama mtoto aliyenyimwa uji wa ulezi. Kama umekasirika, tukana, unajua sana kutukana. Huku kunyamaza ni kiburi cha mjini. Mimi ndiye niliyemzaa huyo mume unayempangia mabasi. Watoto hao ni wa ukoo wangu kabla hawajawa wa mandhari yako. Mtu anayemficha babu wajukuu zake, siku moja naye ataficha uso wake mbele za watu.

Jibu.

Andongwisye

*

Temeke
23 Aprili 1978

Baba,

Leo sikuamkii. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini, na kama bado utaidai shikamoo yako baada ya hapo, idai.

Niliapa kwamba jambo hili sitaliandika. Mwanao aliniomba. Alisema baba ana msiba, tusimwongezee. Msiba ukaisha, akasema baba amezeeka. Kwa miaka saba sisi wawili tumekuwa tukitafuta maneno mengine ya kuweka badala yake. Mwaka huu lilikuwa mandhari.

Juni ile ya 1971 nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Hukujua, kwa sababu hukuruhusiwa kuniangalia na mimi nilikuwa nimejifunga kanga mbili za msiba. Ile ndoo yangu unayoikumbuka ilikuwa ya maji ya kuoshea vyombo vya waombolezaji. Ulinikoholea mara ya kwanza, nikaingia kwenye kahawa. Mara ya pili nikaingia. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka, sikutazama ninapokanyaga. Nyuma ya mstari wa tatu wa kahawa lilikuwapo shimo la kutupia maganda yake. Ulilichimba wewe. Nilianguka kifudifudi, tumbo likapiga ukingo.

Sikuweza kutoka. Hili nataka ulielewe. Si kwamba shimo lilikuwa refu. Ulikuwa bado umesimama njiani unacheka, na mkwe hawezi kuinuka mbele ya baba wa mume wake. Ningeinuka tungeonana uso kwa uso. Nikalala mle ndani ya maganda yaliyooza, nimejifunika kanga, nikisikia unacheka. Kisha ukamwita Barnaba ukamsimulia tangu mwanzo. Mlicheka wote. Nilingoja mpaka mkaondoka. Nikajaza ndoo upya nikaenda kuosha vyombo.

Siku iliyofuata tukiwa kwenye basi la kurudi, tumbo likashika. Tulipofika Nanyala dereva akasimamisha. Wanawake wa pale, ambao siwajui hata mmoja, walinizungushia kanga kando ya barabara. Alikuwa wa kiume. Walimchukua wakamzika wenyewe, kama inavyofanywa. Basi lilikuwa linapiga honi. Sikuonyeshwa mahali.

Sasa umejibiwa. Ndiyo maana tunakwenda Tanga.

Ferista

*

Ihanda
21 Mei 1978

Mke wa mwanangu,

Umefanya sawa kuninyima salamu. Nami sitaandika ile ya kwangu.

Barua yako Osea aliniletea nyumbani, hakuita jina. Ni wiki ya tatu sasa. Nimeanza kukuandikia mara nyingi, na kila nikianza mkono unataka kuleta mzaha, nachana.

Sikujua. Hilo ni kweli, na halisaidii. Mila ilikufunga mdomo usiniambie, nami nikaitumia hiyohiyo kukuchezea. Siku ile nilikuwa nimemzika mke wangu Ruti siku mbili kabla. Kila aliyekuja alilia, nikachoka kuliliwa. Nikatafuta kitu cha kunichekesha, nikakupata wewe, mtu pekee pale asiyeweza kuniambia acha. Sikupi hii kama sababu. Nakupa kama habari.

Lile shimo nimelifukia. Limenichukua siku nne kwa jembe, kwa sababu ya goti. Barnaba alikuja akasimama, akauliza, "Sasa mwezi wa sita maganda utatupa wapi?" Nikamwambia kinywani mwake, kwenye meno ya Mbeya. Kisha nikamweleza yale tuliyoyacheka. Aliketi chini hapohapo kwenye udongo mbichi.

Halafu nilikwenda Nanyala. Nilipanda lori, nikashuka, nikauliza nyumba hadi nyumba kama mwandikisha kura. Wanaume walidhani nimerukwa na akili. Mwisho nikapelekwa kwa mwanamke mtu mzima, Mama Stumai, anayepika maandazi kando ya barabara. Alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya kanga yako, alisema ya zambarau. Nikamwomba anionyeshe mahali. Akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema babu. Akanitazama, akasema, "Jambo lile ni la wanawake. Aje mama mwenyewe, nitamshika mkono. Wewe rudi kwako." Nikarudi. Nyumba yake ni ya tatu ukitoka kisimani, ina mlango wa bati.

Sasa sitaki tena mje Ihanda. Nendeni Tanga, nendeni Lushoto. Mwambie Lwitiko nimesema mimi. Watoto wajifunze kuogelea.

Andongwisye

*

Temeke
30 Mei 1978

Baba,

Shikamoo. Usiichukue zaidi ya ilivyo. Barua lazima ianze mahali.

Raphaeli anakohoa kidogo. Ruti ameng'oka jino la kwanza. Nafasi za basi la Tanga nimezirudisha.

Usifurahi bado. Siji kwa ajili yako. Nakuja Nanyala. Tutapanda treni ya TAZARA mpaka Mbeya. Nitamwacha Lwitiko na watoto hapo, nitakwenda kwa Mama Stumai peke yangu na kurudi. Ihanda sifiki. Kutoka Mbeya tutateremka Kyela, na kutoka Kyela hadi Matema, kwa sababu watoto nimekwisha kuwaahidi maji na mlima, na sijui kuvunja ahadi. Tumeandika kuomba chumba kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, tarehe 14 hadi 22.

Kama unataka kuwaona, njoo Matema Jumamosi tarehe 17, saa nne asubuhi. Saa kumi jioni uwe umeondoka. Siku moja tu.

Masharti yangu ni haya. Loisi wa Lushoto alifika Matema alipokuwa chuoni, nimemuuliza palivyo. Hakuna kahawa pale. Hakuna kihenge. Ni mchanga mtupu, maji mbele na mlima nyuma, na mtu anayekuja unamwona tangu mbali. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye mchanga huo na watoto wangu. Sitainuka. Sitajifunika. Sitakupa mgongo. Nimeifuata mila ya watu miaka kumi na nimeshaona inavyolipa. Kama siku hiyo lazima mtu akimbie, utakimbia wewe.

Usilete mbuzi wa kuondoa mwiko. Simtaki. Usinisemeshe, sitakujibu. Usikohoe.

Sijakusamehe. Nakuandikia ili usije ukadhani.

Ferista

*

Ihanda
4 Juni 1978

Mke wa mwanangu,

Marahaba, ndogo.

Nimekubali yote. Saa nne nimeielewa, saa kumi nimeielewa. Mbuzi wote wamebaki zizini na wanakushukuru. Kumwambia mwenye goti kama langu akimbie ni ukatili, lakini sina uso wa kulalamika. Othmani wa Tunduma ana lori linalopeleka chumvi Kyela Ijumaa hiyo, atanipakia juu ya magunia.

Nina swali moja, na kwa kuwa hutajibu Matema, jibu kwa Lwitiko: watoto wanajua kwamba nipo?

Andongwisye

*

Ihanda
9 Julai 1978

Ferista,

Marahaba.

Natumaini mlifika salama na treni haikuwachelewesha. Hapa tunachuma kahawa. Baridi ya mwaka huu inakata masikio. Mimi nimeshikwa na mafua tangu Matema, na Barnaba, ambaye tumepatana, ananikandia mitishamba huku akiniambia ni adhabu. Yeye hajui yote. Wewe uliyaona, lakini uliyaona ukiwa umekaa. Nataka uyajue yalivyokuwa kwa aliyesimama.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa koti zito nililonunua Tunduma kwa Mbemba mmoja wa ng'ambo ya mpaka, nikachana nywele. Juu ya magunia ya chumvi nilikuwa nafanya mazoezi: nitapita taratibu, kama mtu anayekwenda zake, macho mlimani, nitakaa hatua thelathini kutoka kwako, Lwitiko ataniletea watoto. Hivyo tu. Mzee mwenye akili zake anashindwaje?

Nikatokea upande wa mitumbwi. Nikakuona tangu mbali, kama ulivyosema. Umenyoosha miguu, kichwa wazi. Nikajiambia tazama mlima, wewe mzee, tazama mlima. Zikabaki hatua hamsini. Ukageuza uso ukaniangalia.

Mimi sijawahi kuangaliwa na mkwe. Miaka sitini na tisa ya mila ilinishika miguu kwa mara moja. Nikatafuta kichaka. Kulia mchanga. Kushoto mchanga. Nyuma yangu mama mmoja wa Kikisi na vyungu vyake, hata nyuma ya vyungu singeenea. Ikabaki mbele. Goti nililokuwa nakulalamikia tangu Januari lilisahau kuuma, nikaingia ziwani mbio na koti langu na viatu vyangu, mpaka maji yakafika kifuani, nikakupa mgongo.

Ndipo nikawasikia. Ruti alisema, "Mama, yule babu anaoga na koti!" Na Raphaeli akaanza kucheka. Ana kicheko cha kukatikakatika kama mashine ya kumenya kahawa. Ruti naye akacheka, mama wa vyungu akacheka, na Lwitiko, mwanangu wa kumzaa, nilimsikia. Wewe pia ulicheka. Mara moja tu, kisha ukakata.

Nilikuwa nimengoja tangu Ruti azaliwe kusikia wajukuu wangu wanavyocheka, nikawasikia wakinicheka.

Na sikuweza kutoka. Maji yalikuwa baridi, viatu vilikuwa vimezama kwenye mchanga, koti lilikuwa linanivuta chini, na ulikuwa bado umekaa. Ningegeuka tungeonana. Kwa hiyo nilisimama. Sijui ilikuwa nusu saa au robo, mtu aliyesimama hivyo hawezi kujua. Nilifikiria maganda yaliyooza yananukaje. Nilifikiria kumsikia mtu akimwita rafiki yake aje kusimuliwa. Nilidhani nilikwisha kuelewa barua yako ya Aprili. Nilikuwa nimeisoma tu.

Kisha nikasikia mchanga. Uliinuka ukaenda zako upande wa mto. Hukukimbia, nilihesabu, ulitembea kama mtu aliyekwenda kufuata kitu chake. Hapo Lwitiko akaniita, nikatoka.

Nilikaa na watoto mpaka saa kumi kasoro, kama ulivyoamuru. Ruti ana kidevu cha bibi yake. Raphaeli amenivuta masikio yote mawili kuona kama yanatoka. Waliniuliza, "Babu, kwa nini uliingia majini?" Nikawaambia ukweli, kwamba namwogopa mama yenu. Walikubali palepale wala hawakuuliza tena. Inaonekana tupo wengi.

Lwitiko ameniambia ulipokwenda Nanyala Mama Stumai alikushika mkono kama alivyosema, na kwamba mlikaa huko mpaka mchana, na ya huko hukumwambia hata yeye. Nami sitauliza. Kutoka pale mpaka kwangu si mbali. Hukufika. Ulisema hutafika.

Ameniambia pia mwaka kesho ni Tanga. Nendeni. Maji ya chumvi nasikia ni dawa ya kikohozi. Sikuombi mnipitie, na sikuombi jibu. Jina langu Osea asipoliita nitaelewa, wala sitamgeuzia mfuko.

Jana tulikuwa tunachagua kahawa mimi na Barnaba, na mgeni mmoja kutoka Ileje akaniuliza nina wajukuu wangapi kwa Lwitiko. Nikasema watatu. Barnaba akanisahihisha mbele ya mgeni, "Wawili, mzee, wawili, umeanza kupotea." Sikubishana naye. Nikaendelea kuchagua kahawa.

Andongwisye